Mpe mtoto neno la kuitika

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nina mtoto wa kiume wa miaka minne na nusu. Kila usiku kabla hajalala lazima nimwambie: lala salama, ndoto njema, mbu wasikuume, malaika wakulinde, nakupenda, mama yupo, tutaonana asubuhi. Nikiruka moja au nikipindua mpangilio ananisahihisha, tunaanza upya. Zamani ilikuwa dakika mbili, siku hizi tunafika saa nne usiku. Baba yake ni dereva wa lori, anakwenda Tunduma hadi Lubumbashi. Akipiga simu usiku mtoto anaamka na kila kitu kinarudi mwanzo. Yeye anasema nimemdekeza. Wakwe zangu wa Pangani wanasema zamani mtoto aliambiwa alamsiki, akaitika, akalala. Je, nimemharibu? Na hiyo alamsiki huitikiwaje? Hapa Morogoro sijawahi kuisikia."

Marahaba, binti yangu. Hujamharibu. Nianze na hilo ili ulale nalo leo, mengine utayasoma kesho ukipata nafasi.

Maneno yako saba nimeyasoma, kisha nikayasema kwa sauti kama unavyoyasema wewe kando ya kitanda. Ni mazuri. Lakini nilipoyasema kwa sauti nikaona jambo ambalo kwa kusoma tu lilinipita: yote saba ni yako. Mtoto hana lake. Amelala chali anasikiliza, na kazi pekee uliyomwachia ni ya kukusahihisha. Basi anaifanya kwa bidii, kama mtoto yeyote wa umri wake aliyepewa kazi moja.

Nimefundisha chekechea miaka 26, na watoto wa miaka minne na mitano nawafahamu kwa hili: "jana" na "kesho" bado zinawachanganya. Utamsikia akisema "kesho tulikwenda sokoni" bila wasiwasi wowote. Mtu wa namna hiyo unapomzimia taa ukamwambia "tutaonana asubuhi", umempa neno ambalo bado halijakaa sawa kichwani mwake. Hajui asubuhi iko mbali kiasi gani. Anachokijua ni kwamba jana uliyasema haya kwa mpangilio huu, na asubuhi ikaja na wewe ukawepo. Kwa hesabu yake, mpangilio ndio uliomleta mama. Ukiruka "malaika wakulinde", nani ajuaye asubuhi itakuwaje? Huyo si mtoto aliyedekezwa. Ni mtoto anayelinda kitu kilichofanya kazi jana.

Sasa nije kwenye alamsiki, maana humo ndimo ilimo dawa yako.

Alamsiki ni neno la kuagana usiku. Huingii nalo nyumbani kwa watu. Ukiingia jioni utasema masalkheri. Alamsiki ni la kutoka, au la kwenda kulala. Na haliachwi likaning'inia: aliyeambiwa alamsiki hujibu "binuru". Sikiliza lile nuru lililomo ndani. Waarabu wanafanya vivyo hivyo, mmoja akisema "sabah al-kheir" mwenzake humrudishia "sabah an-nur". Wenzetu waliohamia Muscat wanalisikia pia lile la Kiarabu la usiku, "tisbah ala kheir", yaani uamke katika heri. Ona jinsi maneno haya yanavyourukia usiku mzima na kutua upande wa pili, kwenye mwanga. Neno lako la saba linafanya kazi hiyohiyo, na kwa maoni yangu ndilo analolingoja mwanao. Yale sita ya mwanzo ni njia ya kulifikia.

Lakini ninachotaka ukione hasa ni kile kiitikio. Lugha yetu haimwachi mtu aseme peke yake. Hodi ina karibu, shikamoo ina marahaba, kitendawili kina tega. Mtoto wa pwani hufundishwa kuitika kabla hajajua kueleza lolote: akiitwa, wa kike aseme abee, wa kiume aseme naam. Ukimpa mtoto neno la kuitika umempa nafasi ndani ya mazungumzo, na mwenye nafasi hana haja ya kukaa mlangoni kukagua wanaopita.

Wakwe zako wanasema kweli, ila wameifupisha. Mimi pia ni mtoto wa huko. Likizo nilizikaa kwa bibi yangu Bweni, ng'ambo ya mto, unavuka kwa kivuko ukitoka Pangani mjini. Ngoja nikueleze kilichokuwa kinatangulia hiyo alamsiki.

Kwanza miguu. Bibi alikaa kizingitini na ndoo na kata, tukapita mmoja mmoja. Alimimina maji, akasugua kisigino kwa kiganja chake, akapangusa kwa kipande cha kanga kuukuu. Aliyekanyaga mchanga tena baada ya hapo alirudi foleni. Kisha mkeka, wajukuu watano kwa safu, mdogo kabisa ubavuni mwake. Koroboi aliiweka mbali na chandarua, na ule moshi wake hadi leo nikiunusa nasikia usingizi. Ndipo: "Paukwa!" Nasi: "Pakawa!" Halafu yale maneno ya chanjagaa aliyejenga nyumba kaka, na mwanangu Mwanasiti mwenye vijino kama chikichi. Chanjagaa ni yule kaa mdogo wa ufukweni. Mengine hatukujua maana yake na hatukuuliza. Lakini bibi akiyakatiza kwa uchovu, wote tulipaza sauti: "Chanjagaa, bibi! Umemsahau chanjagaa!" Umeona? Tulimsahihisha bibi kama mwanao anavyokusahihisha wewe, na hakuna aliyesema tumedekezwa.

Hadithi zenyewe mara nyingi hatukuzifikisha mwisho. Katikati, sauti ikiwa imeshuka, bibi alikuwa anatupia tena: "Paukwa?" Wakaitika watatu. Akaendelea kidogo. "Paukwa?" Akaitika mmoja, kwa sauti nzito ya usingizi. Akaendelea tena, polepole zaidi. Pakawa ilipokosa mwenyewe, hadithi ilikatwa hapohapo, fisi akiwa bado yuko shimoni. Nilikuwa mkubwa nilipoelewa kwamba alikuwa anatupima. Na aliyebaki macho peke yake ndiye aliyeambiwa, kwa kunong'ona, "Alamsiki, mwanangu." Huyo akajibu, "Binuru, bibi," na yakaishia hapo.

Kwa hiyo mtoto wa zamani hakuambiwa neno moja akalala kama taa iliyozimwa. Aliogeshwa miguu, akasimuliwa, akaitika mara ishirini, na hakulala peke yake. Alilala katikati ya pumzi za wenzake, na bibi akiwa palepale. Ukimweka mtoto mmoja kwenye chumba chake na mlango umefungwa, unamwachia maneno peke yake yabebe kazi iliyofanywa na watu sita. Hapo si ajabu maneno yakawa saba.

Tuje kwa la kufanya. Usiyafute maneno yako. Yagawe, umpe yeye nusu. Na usiyagawe usiku. Mabadiliko ya usiku mtoto huyapokea kama hasara. Fanya saa kumi jioni mkiwa mnachambua mboga. Mwambie, "Usiku nasema maneno yote peke yangu, nachoka. Nisaidie, mimi niulize, wewe uitike." Mwache yeye achague baadhi ya majibu. Nikikupa mfano, ni wa kukuonyesha umbo tu:

"Miguu?"
"Safi!"
"Mbu?"
"Wako nje!"
"Malaika?"
"Wako macho!"
"Mama?"
"Yupo!"
"Tutaonana lini?"
"Asubuhi!"
"Alamsiki."
"Binuru."

Baada ya binuru hakuna anayesema. Hilo ndilo sharti pekee, na litie nguvu kwa kulitii wewe mwenyewe. Wazazi wengi huharibu hapa: mtoto amenyamaza, mama anaongeza "haya mwanangu lala vizuri eh", na mlango unafunguka tena. Neno la mwisho liwe lake. Utashangaa jinsi mtoto anayepewa neno la mwisho anavyolilinda. Hataki liguswe na neno jingine, hata la kwake.

Na ukisahau mstari? Utasahau, umechoka. Makubaliano yawe kwamba anakukumbusha ulioruka, mnauweka hapohapo mlipo, mnasonga. Hakuna kurudi mwanzo. Mweleze mchana: "Bibi alipomsahau chanjagaa, watoto walimkumbusha tu chanjagaa, hadithi ikaendelea." Jiandae kwa usiku mitatu au minne ya malalamiko, kisha yatapungua.

"Nakupenda" nimelitoa makusudi. Si kwa sababu wazee wetu hawakuwa wakilisema. Nimelitoa kwa sababu pendo likiwekwa kwenye orodha inayokaguliwa, siku moja mtoto atakuambia "hujasema nakupenda" kwa sauti ya karani anayedai risiti, nawe utalisema huku umekunja uso. Lihamishie mchana. Mwambie anapokuletea kijiko, anapovaa viatu kinyume, bila sababu yoyote. Na "ndoto njema" nimeiacha kwa sababu mtoto wa umri huu hana amri juu ya ndoto zake, na wapo wanaoanza kuogopa wasije wakaota vibaya wakawa wamekosea. Wako kama hana hofu hiyo, mrudishie.

Mbu wabaki. Hapo Morogoro "mbu wasikuume" si pambo la maneno. Mbu wa malaria kazi yake kubwa ni usiku, na kuchomeka chandarua chini ya godoro ni tendo la upendo ambalo mtoto analiona kwa macho. Nakushauri ulifanye ndilo mlango wenu. Kunawa miguu, kukojoa, maji ya kunywa na hadithi yote yawe kabla ya chandarua. Chandarua kikishachomekwa pande zote nne, na pande mbili achomeke yeye, ndipo mnaanza "Miguu?" Mtoto anaona kwa mikono yake kwamba nyumba imefungwa.

Kuhusu muda, hapa nitakuwa mkali kidogo. Mtoto wa miaka mitatu hadi mitano anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 katika siku nzima, ule wa mchana ukiwemo. Kama anaamshwa saa kumi na mbili asubuhi kwa ajili ya shule na analala saa nne usiku, anapata saa nane tu. Na mtoto mwenye usingizi pungufu hasinzii kama mtu mzima. Anakuwa mkorofi, anazidi kung'ang'ania, anadai mpangilio zaidi. Yaani kuchelewa kunazaa maneno, maneno yanazaa kuchelewa. Rudisha nyuma kwa robo saa kila baada ya siku mbili tatu hadi taarifa ya habari ya saa mbili inapoanza, yeye awe amekwisha kusema binuru.

Mumeo akisema tena kwamba utaratibu ni kudekeza, mweleze hivi. Mwaka 2009 mtafiti wa usingizi wa Marekani, Jodi Mindell, na wenzake walitoa matokeo ya akina mama 405 wenye watoto wa miezi 7 hadi 36. Utaratibu waliopewa ulikuwa huu: kila usiku kuoga, kukandwa mwili kwa mafuta, jambo la utulivu kama wimbo, kisha taa kuzimwa ndani ya nusu saa baada ya kuoga. Katika wiki mbili tu za kufuata utaratibu huo watoto walisinzia haraka zaidi na kuamka mara chache zaidi, na akina mama wenyewe wakawa na nafsi tulivu zaidi. Hilo la mwisho ndilo ningependa alisikie, kwa sababu ni wewe unayebaki nyumbani.

Kama baada ya binuru anaanza kutoka kitandani, mara maji, mara choo, mara nimesikia kitu, ipo mbinu ya tiketi. Mwanasaikolojia wa Marekani, Patrick Friman, na wenzake waliijaribu kwa ndugu wawili, wa miaka 3 na wa miaka 10, wakaiandika mwaka 1999. Mtoto anapewa kadi moja kila usiku. Kadi hiyo inanunua ombi moja tu, dogo, la haraka. Akiitumia, unaichukua, na hakuna nyingine mpaka kesho. Mimi huwaambia wazazi wakate kipande cha boksi, mtoto akichore apendavyo. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba mtoto analala amekishika, hataki kukitumia, anakiweka akiba. Anajua tu kwamba akitaka, anaweza.

Na kama anataka kitu cha kukumbatia, mpe kanga yako ambayo hujaifua. Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza, aliandika mwaka 1953 kuhusu vitambaa na vinyago ambavyo mtoto hushikilia wakati wa kulala, akaeleza kwamba ni daraja kati ya mama na dunia. Bibi zetu waliokuwa wakimfunika mjukuu kwa kanga ya mama aliyesafiri walikuwa wakifanya jambo hilohilo. Asiyekuwa na shughuli nayo usimlazimishe.

Sasa baba yake. Hapa pana jambo dogo ambalo huenda hamjalitazama: Zambia na Lubumbashi saa ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Yeye akiegesha, akala, akaangalia simu ikamwambia saa mbili, kwako ni saa tatu na mtoto yuko usingizini au karibu. Hapigi simu usiku kwa kukusudia kuharibu. Kwake bado ni mapema. Mpangie muda kwa saa za Morogoro: saa kumi na mbili na nusu jioni, kabla ya kuoga, akiwa ameegesha. Mtandao ukikosekana, atume ujumbe wa sauti, uchezwe mchana wa kesho yake au kabla ya kuoga. Usiuchezeshe kitandani. Sauti ya baba gizani, bila baba, inaamsha hamu ambayo huwezi kuituliza saa hiyo.

Na awe na kiitikio chake mwenyewe, tofauti na chako. Baba mmoja dereva niliyemshauri alichagua "Honi?" na binti yake akajibu "Piiii!" Yakawa mambo yao wawili, mama hakuruhusiwa kuyasema. Hata alipokuwa amekwama foleni ya mpakani siku nne, honi ilipigwa kila jioni. Akiwa Lubumbashi anaweza pia kumletea zawadi ya maneno: huko wanasema "lala muzuri", na mtoto atafurahi kujua kwamba kuna watoto wanaoambiwa hivyo.

Ila asiseme "tutaonana asubuhi". Hilo ni lako kwa sababu wewe ndiye utakayekuwepo. Na asiseme "kesho narudi" ili mtoto anyamaze. Lori linaweza kukaa mpakani, na mtoto anahesabu. Akishavuka Tunduma kuja huku ndipo mwambie mtoto amebakiza kulala mara ngapi.

Mambo mengine matatu hukuyauliza, lakini yapo njiani.

La kwanza ni "tukijaliwa". Tunalisema bila kufikiri: tutaonana kesho tukijaliwa. Mtoto wa miaka mitano au sita siku moja atauliza, "Tusipojaliwa je?" Ndivyo pia kwa wanaosoma dua ya kulala madrasa. Wakielezwa maana yake, kwamba kwa jina la Mola ninakufa na ninahuika, wapo wanaonyamaza kisha wakauliza kama kweli usiku watu hufa. Usimkaripie, usimcheke, wala usimwambie hakuna kitu kama hicho. Mjibu ukiwa umekaa: "Asubuhi hutolewa na Mungu, ndiyo maana tunamwomba. Wewe u mzima, mimi ni mzima, niko chumba cha pili, na asubuhi nitakuja kukufungulia chandarua." Kile chandarua mwishoni ni cha muhimu. Kinamrudisha kwenye kitu anachokijua.

Hukunieleza dini yenu, wala si lazima. Kama ni Waislamu, zile sura tatu fupi za mwisho wa Kurani, kisha kupuliza viganjani na kujipaka mwilini, watoto huzipenda kwa sababu mikono ina kazi. Kama ni Wakristo, yupo malaika mlinzi, na Zaburi ya 4 ina mstari mfupi unaoanza "Katika amani nitajilaza" ambao mtoto wa miaka minne anaweza kuushika. Sala iwe kabla ya chandarua, na isichanganywe na yale ya kuitikiana, asije akaanza kumsahihisha Mungu.

La pili, vitisho. "Usipolala zimwi litakuja", "namwita fisi". Najua wengi tumelelewa hivyo, hata baadhi ya nyimbo za kubembeleza watoto zina fisi ndani yake. Fisi wa kwenye hadithi mwache, maana ana mwanzo na mwisho na kila mtu anaitika. Fisi wa kutishia anabaki chumbani taa ikizimwa, na wewe ndiye uliyemwita. Wasaidizi wa nyumbani huwa na haraka ya kumtumia, kwa hiyo zungumza na dada mnayeishi naye, kama yupo, kwa upole, umfundishe na yeye kiitikio.

La tatu ni la hospitali. Mtoto anayekoroma karibu kila usiku, analala mdomo wazi, au pumzi inakatika kisha anashtuka, apelekwe akatazamwe koo na pua. Hakuna maneno yatakayomtibu. Vilevile ukiona kudai mpangilio kumetoka kitandani kukaingia mchana kutwa, kwenye kula, kuvaa na kunawa, na akikosa analia hadi anaishiwa nguvu, mwone mtaalamu wa watoto. Kwa ulivyonieleza, wako hayuko huko.

Kidogo kuhusu sarufi, kwa sababu mwalimu hawezi kujizuia. "Lala salama" ni amri, hata ikiwa ya upendo, na huteremka kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Mtoto hamwambii mama yake "lala". Anasema "ulale salama, mama", na kwenu wawili, "mlale salama". Mfundishe hivyo mapema. Mtoto anayekutakia wewe usiku mwema anagundua kwamba na wewe unakwenda kulala, kwamba usiku si kitu anachofanyiwa yeye peke yake. Watu wa pwani wana pia "lala unono". Unono ni ule wa kunona, yaani usingizi wa kumnenepesha mtu. Hilo mwambie akiwa mgonjwa.

Asubuhi usisahau kumalizia. Fungua chandarua kama ulivyoahidi, umuulize "Umelalaje?" kabla ya "amka tunachelewa". Sekunde tano tu. Ndizo zinazomthibitishia kwamba ile "Asubuhi!" aliyoiitika jana ilikuwa kweli, na kila siku ikithibitika, haja ya kukagua mpangilio inapungua.

Umeuliza pia, kwa mbali, kama kuna maana ya kumfundisha alamsiki mahali ambapo hakuna anayeisema. Mfundishe. Likizo ya mwezi wa sita mkienda Pangani atakuwa nayo mdomoni. Lakini mpigie babu yake simu kabla, umweleze kwamba mjukuu anajifunza kuitika, ili usiku wa kwanza babu aseme yeye, "Alamsiki," kisha anyamaze, asimdokezee, amsubiri.